Vichwa Sita, Wasusi Wawili

Bibi harusi wengi huanza na picha. Wanaikuta kwenye simu usiku, wanaihifadhi, wanaitupia kwenye kundi la wapambe na neno moja: "Huu." Wapambe wanajibu kwa vikopa. Hakuna anayeuliza msuko ule ulichukua saa ngapi, ulisukwa na wasusi wangapi, wala yule dada wa kwenye picha ana nywele za urefu gani chini ya rasta. Maswali hayo huja Ijumaa saa nne usiku, mpambe wa tano akiwa bado kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, msusi anapiga miayo na umeme umekatika.

Kwa hiyo tuanze na hesabu, mitindo itafuata.

Chukua harusi ya kawaida ya Dar es Salaam: Jumamosi, wapambe sita, matroni bado hujamhesabu. Notilesi, yaani rasta zinazosukwa bila fundo mwanzoni, za wastani na za kufika kiunoni, humchukua msusi mzoefu saa tano hadi saba kwa kichwa kimoja. Zikiwa ndogo, hata saa kumi zinafika. Vichwa sita mara saa sita ni saa 36. Wasusi wawili wakifanya kazi saa tisa kwa siku, hizo ni siku mbili kamili, na hapo hakuna aliyekwenda kula, hakuna aliyepokea simu, hakuna mpambe aliyechelewa kutoka kazini. Twende kilioni ya mistari kumi na kitu, kwa msusi yuleyule, ni saa moja na nusu hadi mbili. Wasusi wawili wanamaliza vichwa vyote sita siku moja na jua halijazama.

Saluni watakwambia dawa ni kuongeza mikono, wasusi watatu juu ya kichwa kimoja. Inasaidia, lakini kila mkono una mkazo wake. Kaa karibu utazame. Wa kulia anavuta, misuko yake inatoka myembamba na imekaza. Wa kushoto ana mkono mlaini, yake ni minene kidogo, na siku ya tatu imeshaanza kuota vinywele. Mtaani hakuna anayeona. Kwenye ile picha ya wapambe sita waliompa mpiga picha mgongo, inaonekana vizuri sana. Ninavyoona mimi, bora kila kichwa kiwe na msusi mmoja. Kama muda haupo, basi msusi mwenye mkono mzuri zaidi apewe sehemu ya mbele ya vichwa vyote sita, kuanzia pajini hadi utosini, na wenzake wamalizie nyuma. Macho ya watu hukaa mbele.

Na usishangae ukiambiwa mwenye mkono mwepesi kuliko wote mtaani ni mwanamume aliyevaa lubega. Vijana wa Kimasai wamekuwa wakisuka wanawake Dar es Salaam na Zanzibar kwa miaka mingi, na wengi wao hawakujifunzia saluni. Morani hufuga nywele ndefu, akasukwa na wenzake misokoto myembamba inayopakwa mafuta na udongo mwekundu. Kwenye sherehe ya eunoto, anapoaga umorani, mama yake humnyoa. Vidole vilivyokulia kwenye kazi hiyo havihitaji kufundishwa tuwisti. Ukitaka misokoto midogo ya mbilimbili kwa wapambe wako, waulizie hao. Wengi hukubali kukufuata nyumbani, na nyumba yenye wapambe sita, chai ya kutosha na muziki ni saluni bora kuliko saluni yenyewe.

Sasa mitindo. Nitasema wazi ninakoegemea: kwa wapambe, hakuna msuko unaoshinda twende kilioni. Jina ndilo linalowatisha wakwe, maana ni msuko wa haraka, wa kujiweka sawa kichwani mtu ukimbilie msibani, na shangazi mmoja lazima atauliza kwa nini watoto wamesukwa kilio siku ya furaha. Mwambie asubiri aone. Mistari inayotoka pajini kwenda kisogoni, iliyonyooka, yenye njia safi, inamkaa mwenye uso mpana na mwenye uso mwembamba, inakubali ua, kofia ndogo ya pembeni na mtandio, na mtu mwenye nywele za urefu wa vidole viwili anaweza kusukwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayookoa harusi nyingi. Katika kundi la wapambe sita lazima awepo mmoja aliyekata nywele mwezi uliopita.

Uzuri wake uko kwenye mambo mawili. La kwanza ni namna ya kuongeza rasta. Msusi hodari haanzi na fundo. Anaanza na nywele zako mwenyewe, mafungu matatu membamba, anasuka mara tatu au nne, ndipo anachomoa unyuzi mdogo wa rasta, anaulaza katikati, anaendelea. Hatua chache mbele anaongeza mwingine mzito kidogo. Mstari unaanza mwembamba kama ulioota pajini penyewe, kisha unanenepa taratibu kwenda nyuma. Hakuna kinundu, na hakuna kinachovuta mzizi. La pili ni mkia. Hapa ndipo unapowafananisha wapambe bila kuwafanya pacha. Wote wasukwe mistari ileile kumi au kumi na miwili, kisha mikia ifuate gauni. Gauni lenye mgongo wazi linataka kifundo kipana chini, kisogoni, ili mgongo uonekane. Gauni lenye kola au shingo iliyopanda linataka kifundo kiwe juu, la sivyo shingo inapotea kabisa. Bega moja wazi, mikia yote ikusanywe ielekee upande uliofunikwa. Kama wote wamevaa sare ya mshono mmoja, badilisha mstari mmoja tu: matroni ageuziwe njia iende upande, au apewe mstari mmoja wa nyoka katikati ya mistari iliyonyooka. Inatosha kumtofautisha.

Ndugu yake wa karibu ni msuko wa kupandisha, ule wengi wanaouita Kilimanjaro, mistari yote ikipanda kutoka kisogoni na masikioni kwenda kukutana utosini. Unamwongezea urefu mpambe mfupi, na hereni ndefu zinapata nafasi. Lakini vinywele vya kisogoni ni laini, na huko ndiko msusi huvuta kwa nguvu ili kisimlegee kitu. Mpambe akishindwa kuinamisha kichwa bila kukunja uso, ulegezwe hapohapo, kabla hajanyanyuka.

Notilesi ndefu zina wakati wake. Kama wapambe ni watu wa maofisini wanaotaka msuko wa kuendelea nao wiki nyingi baada ya harusi, wana haki. Zifungwe nusu juu, nusu ziachwe mgongoni, ncha zikunjwe mawimbi. Rasta ni nyuzi za plastiki. Kanekalon, nyuzi za kampuni ya Kaneka ya Japani ambazo misuko mingi ya leo inazitegemea, zilianza kutengenezwa kibiashara mwaka 1957. Kwa kuwa ni plastiki hulainika kwenye joto na kushika umbo zikipoa, na ndiyo maana msusi huviringisha ncha kwenye rola na kuzichovya kwenye maji ya moto. Wakati huo msukwaji akae wima, na taulo nene liwe mgongoni. Maji yanayochemka yamewaunguza wengi mabega, na bega lenye malengelenge halifichiki kwenye gauni la bila mikono.

Ila kumbuka jinsi harusi zetu zinavyokwenda. Wapambe hawasimami tu altareni wakashika maua. Wanaingia ukumbini wakicheza, mitindo waliyoifanyia mazoezi wiki tatu, wanainama, wanazunguka, wanatupa kichwa. Rasta za kufika kiunoni zikitupwa, zinampiga mwenzako usoni au zinanasa kwenye shanga za gauni lake. Kabla ya kukubali msuko wowote mrefu, wapambe wauchezee. Mmoja asukwe mapema, aende nao mazoezini, acheze wimbo wote. Vibanio vikidondoka sebuleni, ukumbini vitadondoka mbele ya MC.

Kisha kuna msuko wa Kifulani, ambao miaka ya karibuni umekuwa kila mahali: mstari mmoja katikati ya utosi, mingine ikishuka pembeni, na miwili ikining'inia mbele ya masikio, imevishwa shanga au kauri. Asili yake ni wanawake wa Kifulani wa Afrika Magharibi. Lakini zile kauri zina safari ambayo mtu wa Pwani anapaswa kuijua. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wakipakia kauri kwa shehena kutoka Zanzibar na mwambao huu, wakizipeleka Afrika Magharibi ambako zilikuwa fedha halali sokoni. Kwa hiyo mpambe wa Tanga anayening'iniza kauri mbili kwenye msuko wake haigi vya watu moja kwa moja. Sehemu ya pambo hilo ilitoka kwenye fukwe hizihizi. Ushauri wangu ni mmoja: chache. Kauri tatu au nne kwa kichwa. Zikizidi, zinagongana kila ukigeuka, na maikrofoni ya padri inazisikia.

Uzi nao umesahaulika bila kosa. Bibi zetu walifungwa nywele kwa uzi mweusi, unaozungushwa kuanzia mzizini hadi nchani mpaka fungu la nywele lisimame lenyewe, na unaweza kuyapinda mafungu hayo yakawa matao juu ya kichwa. Mwaka 2020, mapato yalipopungua wakati wa korona, wasusi wa Kibera jijini Nairobi waliurudisha kwa kuwasuka watoto vichwa vyenye miiba iliyofanana na picha ya kirusi. Uliwagharimu wazazi shilingi 50 za Kenya, sehemu ndogo tu ya bei ya msuko wa kawaida. Kwa harusi, uzi una faida mbili. Ukiwa na wapambe jasiri na gauni la kitenge, matao ya uzi yaliyofungwa kwa waya mwembamba wa dhahabu ni pambo ambalo ukumbi mzima utalizungumzia. Na kwa wasio jasiri, uzi ni pasi isiyo na moto. Fungwa Alhamisi, fumua Jumamosi asubuhi, nywele zimenyooka bila kuungua, tayari kwa kifundo au kwa mistari isiyo na rasta.

Pwani, pambo la kichwa ni harufu kwanza. Zanzibar, Mombasa na Lamu, kifundo cha kisogoni kinazungushiwa uzi wa asumini, au mwanamke anachomeka kikuba kilichofungwa kwa asumini, rehani na waridi, na nywele zimeshafukizwa udi kwenye chetezo kabla hazijasukwa. Hakuna ua la plastiki kutoka Kariakoo linaloweza kushindana na hilo. Asumini ziagizwe zichumwe jioni zikiwa bado vitumba vilivyofumba, zitungwe mara moja, zifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikifunguka kichwani ndipo zinaponukia. Ukizinunua asubuhi kwa ajili ya usiku, utavaa maua ya kahawia. Na kwa kuwa kwenye harusi nyingi za Kiislamu nywele huonekana katika ukumbi wa wanawake tu, na nje zinafunikwa, msuko ulazwe. Kifundo kikubwa chini ya mtandio kinaufanya uteleze usiku kucha.

Dini inataka kuulizwa mapema, na watu wazima huona haya kuuliza. Wapo Waislamu wanaofuata mafundisho yanayokataza kuunganisha nywele, na wengine huona uzi si tatizo lakini rasta ni tatizo. Wapo Wakristo ambao makanisa yao husoma sura ya pili ya waraka wa kwanza kwa Timotheo kuwa ni katazo la kusuka. Wapo pia wapambe ambao kazi zao, polisi au wodini, haziruhusu rasta ndefu siku ya Jumatatu. Bibi harusi aulize kila mmoja faraghani, kabla hajanunua paketi hata moja. Asiyesuka afungiwe kilemba cha kitambaa cha sare, naye atapendeza vilevile. Watoto wa maua ni rahisi: shule nyingi zinataka vichwa vifupi, hivyo wapewe taji la maua, basi. Kumbandika mtoto wa miaka sita rasta za gundi kwa ajili ya siku moja ni ukatili, hata kama anatabasamu.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo saluni hulikwepa. Msuko unaouma umekosewa. Imani kwamba maumivu ndiyo bei ya urembo, kwamba unameza dawa mbili za maumivu ukalala chali, imewaacha wanawake wengi na vipaji vilivyorudi nyuma. Mwaka 2007 daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha utafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, ambako karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa walikuwa na dalili za kunyonyoka nywele kwa sababu ya kuvutwa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa nywele zilizowekwa dawa kisha zikasukwa. Vipele vidogo vyeupe pajini siku ya pili ni onyo. Nywele zikivutwa hivyo miaka na miaka, shina hufa, na hapo hakuna mafuta yatakayoziotesha. Kwa hiyo mpambe mwenye nywele za dawa asisukwe notilesi nzito wiki ileile aliyozitia dawa. Vile vinywele vya malaika vya ukingoni mwa paji viachwe nje; jeli kidogo na mswaki laini vitavilaza siku yenyewe.

Ndiyo maana siku ya kusuka ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Notilesi na tuwisti zisukwe Jumanne au Jumatano kwa harusi ya Jumamosi, ili ngozi itulie na kasoro zionekane mapema. Twende kilioni isukwe Alhamisi au Ijumaa asubuhi, maana njia zake huchafuka upesi. Usiku walale na kitambaa cha satini.

Ununuzi nao una mtego wake. Rangi za rasta huenda kwa namba: 1 ni nyeusi tii, 1B ni nyeusi iliyopoa kidogo, 33 ni kahawia yenye wekundu, 27 ni ya asali. Lakini 1B ya kampuni moja si 1B ya nyingine, na kwenye mwanga wa kamera tofauti hujitokeza. Paketi za wapambe wote zinunuliwe duka moja, siku moja, chapa moja, na mbili za akiba. Mwenye ngozi inayowasha aloweke zake usiku kwenye maji yenye siki, azisuuze, azianike.

Na nani analipa? Kamati za harusi zina fungu la ukumbi, la chakula, la MC, la video, la gari, na zikifika kwenye vichwa vya wapambe zinasema "watajitegemea." Hapo mpambe ameshachangia, ameshona sare, amenunua viatu, ameshiriki kicheni pati na sendofu. Bibi harusi anayeagiza msuko fulani, wa rangi fulani, kwa msusi fulani, aulipie yeye au kamati yake. Kama fedha hakuna, aagize kitu kimoja tu, tuseme kifundo chini, na kila mmoja afike na kifundo chake kwa msuko anaoumudu. Nimeona harusi za namna hiyo, na picha zake zina uhai kuliko za sare ya kichwa. Msusi naye alipwe siku hiyohiyo, pamoja na nauli na chakula. Aliyekesha na vichwa vya watu hastahili kuambiwa arudi Jumatatu.

Baada ya harusi, msuko wa rasta usikae zaidi ya wiki sita hadi nane. Siku ya kufumua usishtuke ukibaki na bonge la nywele mkononi: kichwa hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, na za wiki zote hizo zilikuwa zimenaswa ndani ya msuko. Fumua, pitisha vidole vyenye mafuta kidogo kila fungu, kisha chanuo la meno mapana kuanzia nchani, ndipo uoshe. Ukianza na maji, nywele zilizokwisha kutoka zitafungamana na zilizobaki, na mkasi ndio utakaozitenganisha.